Siku Tatu za Kumngoja Tamimu

Kabla ya mwaka ule wa hofu, hakukuwa na sauti iliyompendeza Goodness Rubeni kuliko honi ya Tamimu. Ilikuwa honi ya mpira, ile ya kuminya kwa mkono, na Tamimu alikuwa ameifunga kwenye usukani wa pikipiki yake kwa sababu honi yenyewe ya pikipiki ilishakufa zamani. Kila Jumanne na Ijumaa, mapumziko ya saa nne yakikaribia, ilisikika kutoka barabara ya Mugumu, na darasa la tano zima likaanza kujisogeza kwenye madawati kabla hata mwalimu hajafunga kitabu.

Wauzaji wengine walikuwepo pale shuleni Ringwani. Kulikuwa na mama wa mihogo ya kukaanga, aliyeipasua katikati na kuijaza pilipili ya kutoa machozi. Kulikuwa na wa karanga, aliyezifunga kwenye karatasi za madaftari ya mwaka jana, hivyo ukimaliza kula unasoma hesabu za mtu na makosa yake. Msimu wa maembe walikuja na embe mbichi za kuchovya kwenye chumvi. Lakini hao wote walikuwa mama za watu, walioonekana kila siku kisimani na shambani. Tamimu alitoka mbali, na alileta baridi. Nyuma ya pikipiki alifunga deli la bluu kwa vipande vya mpira wa tairi, na alipofunua kifuniko moshi wa barafu ulitoka taratibu, ndani zimepangwa lambalamba nyekundu, njano, na nyeupe za maziwa. Nyekundu ndizo zilizopendwa, kwa kuwa zilipaka ulimi. Watoto walikula, kisha wakasimama duara wakitoleana ndimi kuona nani kawa mwekundu zaidi. Aliyekosa cha kununulia hakuondoka mikono mitupu, maana zile zilizovunjika njiani Tamimu aliziweka kwenye kikombe na kuwagawia wadogo.

Alikuwa kijana wa Mugumu, wa familia ya wafanyabiashara wa Kiislamu, mwenye kofia ya kufuma na meno yaliyopishana kidogo mbele. Aliwajua watoto kwa majina. Goodness alimwita Gudi.

Hofu iliingia mwezi wa kumi na moja. Hakuna aliyejua ilianzia kwa nani. Mtu alirudi kutoka machimboni na habari kwamba wapo watu wanaotafuta damu ya watoto ili dhahabu ikubali kutoka, na kwamba watoto hao hawakamatwi kwa nguvu, wanapewa kitu kitamu chenye dawa. Mtoto akishakula, walisema, anamfuata mtu huyo mwenyewe kama ndama. Hakuna aliyewahi kumwona mtoto wa namna hiyo, lakini habari ilipita mji hadi mji, boma hadi boma, na kila ilipopita iliongezewa kitu. Mama zao wakakataza kula chochote cha mgeni.

Goodness alisikia makatazo hayo Ijumaa jioni, saa chache baada ya kula lambalamba nyekundu. Alikwenda nyuma ya nyumba na kukaa chini akiwa ameyashika magoti yake, akisikiliza kama miguu inataka kwenda mahali yenyewe. Siku mbili alikula kidogo na kusema kidogo. Aliposhtuliwa na jogoo alidhani dawa imeanza kufanya kazi. Jumatatu ilipofika na miguu yake bado inamtii, aliapa moyoni kwamba hatamsogelea tena Tamimu.

Ilikuwepo hofu nyingine, na hiyo haikuwa uvumi. Desemba ilikuwa inakuja, na ulikuwa mwaka wa kukeketa wasichana. Baba yake Goodness, Rubeni, alikuwa Nyamongo akichimba dhahabu kwa miezi, na mambo ya mji yaliamuliwa na kaka yake mkubwa, Werema. Baba mkubwa Werema alikuwa ameshasema mbele ya wazee kwamba mji wake utatoa wasichana wawili: Brenda, binti yake mwenyewe wa miaka kumi na mitatu, na Goodness, aliyekuwa na kumi na mmoja. Alilisema bila ukali, kama mtu anayepanga siku ya kuvuna. Mwalimu Honoratha, mwenyeji wa Bukoba aliyepangiwa kazi pale, alikuwa amewaambia wasichana darasani kwamba jambo hilo ni kosa kisheria, kwamba wapo waliotokwa damu mpaka wakafa, na kwamba Mugumu kuna nyumba inayowapokea wanaokimbia. Goodness alisikia, akaogopa, akanyamaza. Brenda alisikia, akauliza nyumba iko mtaa gani.

Jumatatu ileile jioni, wawili hao wakiwa kijitoni wanachota maji, Brenda alimwambia mdogo wake kwamba kesho anaondoka. Alikuwa ameshazungumza na Tamimu. Mara mbili Tamimu alikataa, akisema anaogopa mambo ya watu na mila zao, na mara ya tatu akakubali. Angemsubiri baada ya mji wa mwisho, kwenye mikatani, ile mikonge ya kando ya barabara. Nafasi ya mtu wa pili ingepatikana, alisema Brenda, deli likisogezwa nyuma.

Goodness aliweka ndoo chini. Alimkumbusha habari za damu, dawa na machimboni. Sauti yake ilitoka kama ya mtu anayelia ingawa hakuwa analia.

"Mambo ya Tamimu nimeyasikia tu," Brenda alisema. "Kisu nimekiona."

Alikuwa amekiona kweli, miaka miwili nyuma, siku dada yake alipokeketwa. Goodness alisema tu kwamba miguu yake haitakubali, na Brenda hakumlazimisha.

Jumanne honi ililia kama kawaida. Watoto wachache ndio waliokwenda, wengine walisimama mbali wakitazama. Baada ya mapumziko Goodness aliomba ruhusa ya kwenda chooni, na kutoka nyuma ya vyoo aliona mpaka kule mikatani. Pikipiki ilikuwa imesimama. Brenda alikuwa juu yake na sare yake ya shule, lambalamba moja katika kila mkono. Hakugeuka. Pikipiki ilipozama kwenye vumbi, Goodness alibaki ameegemea ukuta, na hapo ndipo wazo lilimjia: je, kama yale ya damu ni kweli, na yeye amenyamaza?

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unamtafuta Brenda. Walipita kijitoni, walipita vichakani, waliita mpaka sauti zikawakauka. Goodness aliulizwa na kila mtu, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba hajui. Jumatano asubuhi alitokea mtu aliyesema amemwona msichana wa sare nyuma ya pikipiki ya yule muuza lambalamba, wakielekea Mugumu. Basi, ikawa imekwisha. Yale yaliyokuwa maneno tu sasa yalikuwa na jina la mtoto na jina la mtu.

Werema alilia mbele za watu. Goodness alikuwa hajawahi kumwona baba mkubwa akilia, na machozi yale yalimtisha kuliko hasira yake. Aliyaona ni machozi ya kweli. Mtu yuleyule aliyempangia binti yake kisu aliamini binti huyo ameuawa, na uchungu ulikuwa unamtoa nje ya akili. Wapo waliosema waende polisi. Wengi walisema polisi wataandika karatasi na kumwachia. Wakakubaliana wasiende popote. Tamimu hajui kama ameonekana, walisema, kwa hiyo Ijumaa atakuja mwenyewe. Jioni ile Goodness alipotumwa chumvi dukani, aliona kwenye kijiwe cha bodaboda chupa tatu za petroli zimepangwa kando ya mti, na tairi bovu. Hakuna aliyemweleza ni za nini. Hakuhitaji kuelezwa.

Ndipo akaanza kuzihesabu saa. Akisema ukweli, Werema angepanda pikipiki mpaka Mugumu na kumrudisha Brenda, na Desemba ingewakuta wote wawili nyumbani. Akinyamaza, Tamimu angekuja Ijumaa akiminya honi yake na kuingia katikati ya watu wale. Na katikati ya hayo mawili lilikuwepo la tatu, baya zaidi, lililomjia kila alipofumba macho: kwamba huenda Tamimu anastahili. Hakuwa na ushahidi wowote kwamba Brenda yuko hai. Alikuwa na neno la Brenda tu, na Brenda hayupo.

Alhamisi alijikaza akaenda nyumba za walimu. Alitaka kumweleza Mwalimu Honoratha kila kitu, ajitue. Jirani alimwambia mwalimu ameitwa semina Musoma na atarudi Jumamosi. Goodness alirudi njia ileile, na kila alipokutana na mwanaume alimwamkia shikamoo akiwa ameinamisha macho, akihofu kwamba usoni mwake pameandikwa kitu.

Usiku ule alilala kwa kushtukashtuka mpaka kukapambazuka. Ijumaa asubuhi, mama yake, Philomena, alimwita jikoni. Philomena alikuwa mwanamke wa maneno machache, na tangu mumewe aende Nyamongo yalikuwa yamepungua zaidi. Alimpa kamba na kumwambia asiende shule, aende kuni. Goodness alisema kuni zipo. Mama hakumtazama, aliendelea kukoroga uji.

"Nenda upande wa barabara ya Mugumu," alisema. "Nenda mpaka darajani. Unaongea ukilala, mwanangu."

Goodness alielewa. Alitoka na kamba begani, akitembea mpaka alipopita mji wa mwisho, kisha akakimbia.

Daraja lile lilikuwa dogo, la kalavati mbili, barabara ikishuka kwake kwa pande zote. Alijificha chini ya ukingo, kwenye nyasi. Jua lilipanda. Kila mlio wa pikipiki ulimfanya atoe kichwa na kukirudisha. Wakapita wawili waliobeba magunia ya mkaa, akapita muuguzi wa zahanati. Mara mbili aliamua kurudi nyumbani. Alijiambia kwamba yeye ni mtoto, na mambo ya watu wazima hayamhusu. Kisha akasikia honi, mbali, ikiminywa kwa furaha kwenye kona kama kawaida yake, na akajikuta ameshasimama katikati ya barabara na mikono juu.

Tamimu alifunga breki. Deli lilikuwa limejaa, kofia iko kichwani, uso wake mweupe kwa vumbi. Aliuliza kulikoni Gudi hayuko shule. Goodness alirudi nyuma hatua mbili, kwa sababu alipokuwa karibu naye yale maneno yote yalimrudia.

"Brenda yuko wapi?" aliuliza.

Tamimu alishangaa. Alisema amemfikisha kwenye ile nyumba na kumkabidhi kwa matroni mkono kwa mkono. Kisha akacheka kidogo. Alisema Brenda alikula lambalamba tano njiani, mbili alizoanza nazo na tatu za kuomba, na alipofika getini akamtapikia matroni miguuni, nyekundu tupu, mpaka yule mama akadhani ni damu na kupiga kelele za kuomba gari.

Goodness alimwamini hapo hapo. Brenda alikuwa hivyo. Kitu kitamu hakujua kukiacha mpaka kimtoke. Mwongo angesema Brenda anamsalimia. Asingesema ametapika.

Akamweleza yote kwa haraka: petroli, tairi, kijiwe, baba mkubwa. Uso wa Tamimu ulibadilika kidogo kidogo. Alianza kugeuza pikipiki, lakini deli lilikuwa zito na barabara ilikuwa na mchanga, na kabla hajaimaliza nusu duara, pikipiki mbili zilitokea juu ya mteremko upande wa Ringwani.

Walikuwa watu wanne, na wa mbele alikuwa Werema. Kumbe wameshindwa kungoja. Walishuka pikipiki zikiwa hazijasimama vizuri. Wa kwanza alimpiga Tamimu fimbo ya mkono akaachia usukani, pikipiki ikaanguka na deli likapasuka. Lambalamba zilitawanyika barabarani. Tamimu aliinua mikono akisema jamani, jamani nisikilizeni, na ngumi ikamkuta mdomoni. Mmoja wao alikuwa ameshika chupa. Harufu ya petroli ilifika mpaka alipokuwa Goodness, na mkojo ulimtoka bila yeye kujua.

Hata leo hajui sauti ilitoka wapi. Haikuwa sauti kubwa.

"Brenda yuko polisi," alisema.

Werema aligeuka. Ni kama alikuwa hajamwona kabisa.

"Alienda mwenyewe," Goodness alisema. "Yuko polisi Mugumu, baba. Mzima. Ameshawaambia habari za Desemba. Ameandikisha majina."

Haikuwa kweli. Brenda hakuwa polisi na hakuwa ameandikisha jina la mtu. Ulikuwa uongo wa kwanza mkubwa maishani mwake, na aliusema akiwa amelowa.

Lambalamba zilikuwa zinayeyuka, rangi nyekundu ikichora mifereji kwenye mchanga. Werema aliuliza polepole, majina ya nani. Goodness akamjibu kwamba ni ya watu wote wa mji wao na ya ngariba. Alisema polisi wamesema watakuja.

Yule mwenye chupa aliitazama chupa yake, akaifunga kizibo. Mwingine, aliyekuwa mwenye pikipiki, alisema ana abiria anamngoja senta. Wa tatu alipanda nyuma yake bila kuambiwa. Werema alibaki peke yake na yule wa chupa. Alimtazama Tamimu aliyekaa chini akitema damu, akamtazama Goodness muda mrefu. Goodness alidhani atampiga. Lakini alichouliza ni kama kweli Brenda ni mzima. Alipojibiwa kwamba ni mzima, alijifuta uso kwa kiganja, akapanda, wakaondoka.

Tamimu alichukua muda kusimama. Jino moja lilikuwa limetoka, na kiganja cha kushoto kimevimba. Alikata mipira, akaliacha deli pale lilipo. Aliiinua pikipiki, ikawaka kwa teke la nne. Kisha akamtazama Goodness na kumwambia apande.

Hakuweza. Alisimama na kamba yake ya kuni begani.

"Nyumbani leo hapakufai, Gudi," Tamimu alisema. "Wakijua umedanganya itakuwaje?"

Ilikuwa ndiyo picha ileile aliyoiogopa wiki nzima: barabara tupu, mtu mgeni, mtoto anapanda mwenyewe. Alipanda. Alifumba macho njia yote mpaka Mugumu, ameshika shati la Tamimu kwa vidole viwili viwili, na kila pikipiki ilipopunguza mwendo alijua sasa ndipo. Alifumbua macho aliposikia geti linafunguliwa, na mtu wa kwanza aliyemwona alikuwa Brenda, anafua.

Goodness alikaa kwenye nyumba ile mpaka katikati ya Januari. Baba yake, Rubeni, alitoka Nyamongo akaja kumchukua, akatia saini mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii kwamba binti yake hataguswa, na hakuguswa. Philomena ndiye aliyempelekea habari, baada ya kuazima simu ya mwalimu. Alimwambia mumewe achague kati ya mji wa kaka yake na mtoto wake. Walihamia Issenye mwaka huohuo. Brenda hakurudi kwao. Alijifunza ushonaji palepale Mugumu na sasa ana cherehani yake sokoni.

Tamimu hakukanyaga tena Ringwani. Hakwenda polisi pia, alisema hataki kesi na watu asioweza kuwakwepa barabarani. Mkono ulipopona alifungua kibanda cha sharubati mjini, anakiendesha na mkewe Mwantumu, na Goodness alipokuwa sekondari alipita pale kila alipopewa ruhusa ya kwenda mjini. Hawakuwahi kuizungumzia siku ile. Walizungumza habari za bei ya maembe.

Sasa Goodness ana miaka ishirini na minne, ni muuguzi katika kituo cha afya wilayani Tarime. Watu humsifu kwa utulivu wake. Hawajui kwamba watu zaidi ya watatu wakisimama pamoja na kuanza kusema kwa sauti, yeye huangalia mlango uko wapi, na kwamba harufu ya petroli humfanya ashuke bodaboda kabla ya kufika.

Mwaka jana Werema aliletwa kituoni pale na mwanawe wa kiume, anaumwa sukari, amekonda, jicho moja halioni vizuri. Goodness alimtambua kabla ya kuita jina. Alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akauliza ni wa nani, akaambiwa ni wa Rubeni. Mzee akakunja mkono wa shati na kumnyooshea mkono achukue damu.

Goodness alifunga mpira kwenye mkono ule, akashika sindano, na vidole vyake vikaanza kutetemeka. Alijaribu mara mbili kutafuta mshipa. Mzee hakulalamika, alikuwa ameangalia ukutani. Mwishowe akamwita mwenzake, Osward, akamwomba amalizie. Alitoka nje, akanawa uso kwenye bomba la uani, akakaa kwenye benchi la akina mama waliokuja kliniki na watoto wao mpaka mikono ilipotulia. Ndipo akaingia ndani tena, na kuita namba iliyofuata.